Paneli nimelipia, nywila wameificha

Mwenye kinu cha alizeti anayetaka paneli ya kuendesha mitambo yake kiotomatiki asitoe hata shilingi kabla hajakabidhiwa nywila. Nasema hivi nikiwa na hasira, na wala haijapoa.

Kinu chetu kiko Kizota, hapa Dodoma. Tulifunga paneli kwenye jiko la mvuke, lile linalopasha mbegu kabla hazijaingia kwenye mashine ya kukamua. Ilipokuwa inafanya kazi, haki ya Mungu niliipenda. Zamani joto lilitegemea mkono wa kijana wa zamu. Akizidisha mvuke, mafuta yanatoka meusi. Akipunguza, mafuta yanabaki kwenye mashudu na mkulima ndiye anayeumia. Paneli inasoma joto, inafungua valvu kidogo, inafunga kidogo, usiku na mchana, haisinzii. Mafuta yakawa na rangi moja. Wakulima wa Kongwa na Bahi wakaanza kuambiana.

Msimu umepamba moto, uwanja umejaa magunia, paneli ikasimamisha kila kitu. Jiko linazidi kupoa, skrini inasoma joto la tanuri la matofali! Fundi wetu, kijana aliyesoma VETA, akapima na mita, tatizo akaliona papo hapo: waya wa sensa, kile kifaa kinachopima joto la jiko, umekatika. Sensa ni ya PT100, yaani ukinzani wake, ile hali ya kuzuia umeme kupita, ni omu 100 kwenye nyuzi joto 0, na unapanda kadiri joto linavyopanda. Waya ukikatika ukinzani hauna mwisho, kwa hiyo paneli inadhani jiko limepitiliza. Kusimama sikulaumu. Sensa ikifa, mtambo usiendelee kwa kubahatisha. Fundi akafunga sensa nyingine, joto likasomeka sawasawa.

Paneli ikakataa kuwaka. Eti mpaka nywila, ndipo alamu ifutike.

Nikampigia aliyetuuzia. Kabla hatujalipa, kila simu yake ilianza na "shikamoo mama". Safari hii salamu hakuna.

"Nywila unaitakia nini? Hayo siyo mambo ya wakamuaji. Subirini tuje, na gharama za safari ni zenu."

Kijana ambaye ningeweza kumzaa! Nikamweleza kwamba magunia ya watu yako juani. Akakata simu.

Wenye uwezo walipakia upya wakaenda vinu vingine. Mama mmoja wa Chamwino alilala pale uwanjani juu ya magunia yake, hana nauli ya kuyarudisha. Hilo ndilo lisilonitoka moyoni, kuliko hata hasara yetu.

Mwishowe fundi akaitenga paneli, akarudisha swichi za mkono, tukamaliza msimu kwa kukadiria kama zamani.

Sasa niwashauri nini? Nikikumbuka mafuta ya siku zile, nasema nunueni hata kesho. Nikikumbuka simu ile, nasema hapana. Basi nunueni, ila mkataba utaje nywila, nakala ya programu, michoro ya nyaya, na swichi ya kuhamia mkono paneli inapogoma. Muuzaji akileta maneno, ondokeni, hata kama bei yake ni ya chini. Na huyu wa kwetu, hata akiyakubali yote hayo, mwacheni.