Boti ya Mbao ya Kizamani: Soma Boriti, Achana na Kibao cha Injini

Haya, karibuni tena. Leo tuko Mtwapa, na hii hapa nyuma yangu ndiyo ile boti mliyokuwa mkiiulizia: ya Kiingereza, mahogani, futi 28 na ushei, imekalishwa juu ya magogo. Injini, matangi na viti mmeshaviona kwenye picha za muuzaji, sivirudii. Kitu chenyewe kiko humu ndani, gizani.

Lakini kwanza niseme linaloniudhi. Kila boti ya zamani ikitangazwa hapa pwani, ukiuliza namba unatumiwa picha ya kibao cha injini. Jamani, hiyo ni namba ya injini! Injini hung'olewa ikatiwa nyingine. Chombo kilichoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ukikikuta na Perkins 4.108, injini ya baada ya vita, kile kibao kitakupa habari za Perkins tu. Na ile namba iliyopakwa rangi ubavuni ni ya leseni, haikwambii nani kakiunda.

Tunayoitaka sisi imechongwa. Sheria ya meli ya Uingereza ya 1894 ilitaka chombo kinachosajiliwa kichongwe namba rasmi na tani zake kwenye boriti kuu. Jina libadilishwe, mwenyewe abadilike, namba ni ile ile mpaka chombo kife. Hapo ndipo ninapoipenda boti hii.

Mwenye kamera, shuka, angalia kichwa. Boriti ni hii, inakatiza kutoka ubavu huu mpaka ule, mbele ya mlango wa chumba. Nikiimulika usoni hivi mnaona nini? Rangi nyeupe, basi. Sasa nailaza tochi, karibu iguse ubao, mwanga upite ubavuni... Hebu tazameni! Mmeona vivuli? Tarakimu sita, nafasi kidogo, halafu tani. Mbili za mwisho tumezifunika kwa ajili ya mwenyewe.

Tafadhali, msiguse msasa. Vivuli hivi vinatokana na kingo za mchongo, na msasa unakula kingo kwanza. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki wa zamani, kisha acha pakauke kabisa. Chukua chaki, ilaze chali, ipitishe taratibu: ubao unashika weupe, mchongo unabaki na rangi yake. Piga picha, rula ikiwa kando. Bado haisomeki? Bandika karatasi nyembamba, sugua kwa ubavu wa penseli laini kama 4B. Karatasi hiyo itunze.

Rangi ikiwa nene, watu hukimbilia mashine ya hewa moto. Kwenye boti ya petroli, hapana! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani, chini kabisa ya boti, miguuni pako hapo hapo. Tumia dawa ya kutoa rangi ya kupaka, na kikwangua cha plastiki.

Sasa tazameni tarakimu ya nne. Ni 3 au ni 8? Rangi imeziba upande wa kushoto. Usikisie: andika zote mbili, uzitafute zote mbili. Kuna Crew List Index Project mtandaoni, bure. Unatia namba, unapata jina la chombo na bandari kiliposajiliwa. Kisha pima boti, linganisha na urefu ulioandikwa kwenye rejista: utepe ndio unaamua namba ipi ni ya kweli. Na hapa wengi huanguka: urefu kwenye rejista ni futi na sehemu za kumi. 28.5 ni futi 28 na inchi 6, si inchi 5. Tena hupimwa kutoka fashini ya omo (mti uliosimama mbele) hadi kichwa cha fashini ya tezi (ule wa nyuma), kwa hivyo tezi ikichomoza nyuma, utepe wako utazidi. Tani nazo si uzito, kila moja ni futi za ujazo 100. Usimpe mwenye kreni hesabu hiyo, mtaangusha boti.

Ukishapata jina, nenda Lloyd's Register of Yachts, kitabu cha orodha ya boti za starehe, kilichotoka kuanzia 1878 hadi 1980. Kama boti imo, utamjua muundaji, aliyechora ramani yake na mwaka. Mwaka wa usajili usiuchukue kuwa wa kuundwa, maana boti huweza kusajiliwa miaka mingi baadaye.

Chris-Craft za Marekani ni rahisi zaidi, nakubali. Namba imepigwa kwenye mbao na inaanza na modeli: U-22 ni Sportsman ya futi 22. Kadi zake ziko Mariners' Museum, Newport News, hata injini iliyotoka nayo kiwandani imeandikwa. Ila mtu akikuuzia "ya 1955" yenye namba ya alama 12, herufi na tarakimu pamoja, muulize vizuri. Mtindo huo ulianza Novemba 1972, na herufi ya tatu ikiwa Z, namba ilitolewa na jimbo, si kiwanda.

Mashua zetu hazina namba ya muundaji. Video ijayo tuko Bandari ya Kale, kalafati (kuziba nyufa za mbao) mwanzo mwisho, kwa hivyo jiungeni na chaneli.

Bei? Anataka laki nane. Kabla ya kuingia humu ningesema nyingi. Sasa naona yazungumzika, lakini kwanza nikague ncha za boriti: boriti huweza kuhamishwa kutoka boti nyingine. Hizi bolti ni za shaba kama za mataruma (mbavu za boti) ya jirani, na tabaka za rangi zinafuatana bila kukatika. Nzuri. Kilichobaki ni karatasi, kwa sababu mchongo unathibitisha kuwa chombo kiliwahi kusajiliwa, hauthibitishi kuwa anayekuuzia leo ni chake. Hati ya mauzo ije mezani kabla ya pesa.