Jambia la bwana harusi: anza na mpini

Wengi wakinunua jambia la harusi huangalia ala, kwa kuwa ndiyo inayong'aa kwenye picha. Anza na mpini. Jambia halina chuma cha kukinga mkono kama panga za Ulaya. Mpini wenyewe umepanuka juu na chini ukabana katikati, vidole visitelezee kwenye makali. Mkia wa kisu huchomekwa ndani yake na kugandishwa kwa ulimbo. Chomoa, tikisa. Mpini ukicheza, mrudishie muuzaji.

Nikiyapanga kwa mpini, la kwanza kwangu ni la mpini wa mbao ngumu, msandali au mpingo, uliotiwa nyuzi za fedha. Linadumu, na likilegea fundi hulitengeneza.

La pili ni la Saidi, ambalo mpini wake wote umefunikwa fedha. Waomani huunasibisha mtindo huo na Seyyid Said, yule aliyehamishia makao yake Unguja, na wengine husema aliyeubuni ni mkewe wa Kiajemi. Kwa uzuri halina mpinzani. Limeshuka hadi la pili kwa sababu ya bei, na kwa kuwa hapa ndipo penye udanganyifu. Sumaku haitakusaidia sana: fedha hainaswi, lakini shaba na alumini nazo hazinaswi. Chunguza kingo zinazosuguliwa na kiganja. Ukiona umanjano, hiyo ni shaba iliyopakwa.

Mpini wa mfupa wa ngamia ni wa tatu: mweupe, nafuu, ila hupata nyufa. Plastiki ni ya mwisho. Kama ni la usiku mmoja, kodi jambia zuri kuliko kununua hilo.

Pembe ya faru siiweki popote. Zamani ndiyo iliyothaminiwa kuliko zote, na faru wetu wanajua gharama yake. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, ulifunga biashara yake ya kimataifa mwaka 1977, na ya ndovu ikafuata kwa uamuzi wa 1989. Muuzaji akikunong'oneza kwamba "hii ni ya babu", liache hapo hapo: ama utanyang'anywa mpakani, ama umelipia pembe ya nyati.

Ukinunulia Mutrah au Nizwa, huko Oman, dai risiti inayotaja mpini ni wa kitu gani, na jambia lenyewe lipakie kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Kwenye begi la mkononi halitapita.