Umeme wa 27,000 Kigoma: unalipia nini, na ahadi iliishia wapi

Kama nyumba yako iko kijijini, tuseme Kalinzi au Mahembe, na laini imeshapita karibu, lipia mapema shilingi 27,000 za kuunganishiwa umeme wa TANESCO. Kwa bei hiyo hakuna huduma nyingine ya nishati inayoifikia. Kama uko mjini, Gungu, Katubuka au Buzebazeba, waya ni uleule na mita ya LUKU ni ileile, lakini ankara inaanzia 320,960. Ni karibu mara 12. Wapiga kura wengi walivunjika moyo hapo, na sisi mafundi tunaoingia majumbani mwao tunaona wana haki.

Medard Kalemani alipokuwa Waziri wa Nishati alisimamia 27,000 iwe bei moja, mjini na kijijini. Watu waliichukua kama ahadi ya kudumu. Januari 2022, wizara ikiwa chini ya January Makamba, bei za mjini zikarudi: 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 isiyohitaji nguzo, 515,618 kwa nguzo moja, 696,670 kwa nguzo mbili. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba 27,000 hairudishi gharama za vifaa. Hoja hiyo ni ya kweli. Anayejua bei ya nguzo, waya wa kuingilia na mita hawezi kubisha, na shirika likiuza kwa hasara, foleni ya waombaji ndiyo inayorefuka.

Tunachokipinga ni mahali mstari ulipochorwa. Mfanyabiashara wa kahawa mwenye nyumba ya vyumba sita kijijini analipa 27,000. Mjane mwenye vyumba viwili Gungu analipa laki tatu na ushee. Bei imefuata jina la eneo, haikuangalia mfuko wa mtu wala ukubwa wa nyumba. Kurudi nyuma kungeweza kufanywa bila kuwaacha maskini wa mjini, kwa mfano kwa kuwatoza kidogo wenye nyumba ndogo. Kwa hiyo kabla hujanunua hata mita moja ya waya, uliza eneo lako limeandikwa kijiji au mji. Maeneo ya pembezoni mwa mji ndiyo yanayokanganya zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Malipo ya kuunganishiwa yanaishia kwenye mita. Mfumo wa ndani ni juu yako. Nyumba ya chumba kimoja au viwili inaweza kutumia UMETA, yaani Umeme Tayari: ubao mmoja wenye breka, soketi na sehemu ya taa, unaofungwa ukutani bila kutandaza waya nyumba nzima. Kwa taa, redio na kuchaji simu unatosha kabisa. Usiutwike jiko la umeme la pleti mbili.

Nyumba kubwa inahitaji fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Taa zipite kwenye waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na kila mzunguko uwe na breka yake. Kosa tunalokutana nalo mara nyingi ni soketi kuvutwa kwa waya wa 1.5 ili kupunguza gharama. Pasi ya wati 1,200 ikichomekwa pamoja na birika la wati 2,000, mkondo unafika ampea 14 hivi. Waya unapata moto ndani ya paipu, na kama breka ni kubwa kuliko uwezo wa waya, haitakata.

Ethi, yaani rodi na waya wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Rodi ya mita 1.2 izame yote, sehemu yenye unyevu, karibu na yanapomwagwa maji ya bafuni kwa mfano. Wapo wanaoikata katikati na kufunga nyumba mbili. Kiangazi udongo ukikauka, nusu rodi ni sawa na hakuna, na friji ikipata hitilafu, bati lake ndilo litakalompiga mtoto. Simama hapo fundi anapoigongomea, uione ikiingia yote.

Kuhusu matumizi, uliza umewekwa daraja gani la bei. D1 ni kwa asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, kwa shilingi 100 kwa uniti. Pamoja na VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika 122. T1, daraja la watumiaji wa kawaida, ni 292, na kwa hesabu hiyohiyo inafika kama 356. Uniti 75 ni wastani wa 2.5 kwa siku: taa, televisheni na friji ndogo, basi. Ukizidisha, uniti za ziada zinatozwa 350 kabla ya kodi, na hapo unafuu unayeyuka. Makato ya 1,500 kwa mwezi unayoyaona kwenye LUKU ni kodi ya jengo la kawaida, 18,000 kwa mwaka. Usipoweka umeme miezi kadhaa, deni linakusubiri.

Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, na kwenye majukwaa watu walielewa kwamba umeme ungekuwa mwingi na nafuu. Lakini wingi wa umeme Rufiji haurekebishi laini ndefu na nyembamba ya mtaani. Nyumba za mwisho wa laini hupata volti ndogo jioni, na ikishuka hadi 180, mota ya friji inahangaika mpaka inaungua. Nunua kifaa cha kulinda volti kabla ya friji yenyewe.

Maombi yanapita Nikonekt, mfumo wa TANESCO wa kuomba umeme kwa mtandao, kwa namba ya NIDA. Mpimaji akishafika unapewa namba ya malipo ya serikali. Lipia hapo tu, na utunze risiti. Kishoka, yaani mtu asiye wa shirika anayejifanya kukusaidia, akikuambia nguzo "imeisha" ila anaweza kukutafutia kwa hela ya mkononi, mwombe namba ya malipo. Hatakuwa nayo.