WNTR kwenye laptopu ya kawaida, Kigoma: uzoefu wangu

Nimeitumia WNTR miezi miwili sasa kwa mradi mdogo wa maji ya mserereko kwenye kijiji kimoja kando ya ziwa, vilula (vituo vya kuchotea maji) 9, tenki moja juu kilimani, na niseme mapema kabisa kwamba nimeipenda na nitaendelea nayo, ila kuiandaa kulinila siku nne na naona kuna mafundi wenzangu wataishia njiani kwa vitu ambavyo mtu angewaambia tu mapema.

Kwa asiyeijua, ni laibrari ya Python (lugha ya kuandikia programu) ya kuigiza mtandao wa mabomba, bure kabisa, imetengenezwa na EPA, shirika la mazingira la Marekani, pamoja na Sandia National Laboratories, inasoma mafaili yale yale ya .inp ya EPANET, programu ya EPA ya mahesabu ya mabomba. EPANET yenyewe nzuri, nimeitumia tangu chuo, lakini ukitaka kujaribu vipenyo ishirini tofauti vya bomba kwa kubonyeza bonyeza utakesha, huku kwenye Python unaandika mistari michache inajaribu yote.

Sasa kuinstoli. Bando la hapa mnalijua, Anaconda nzima (kifurushi cha Python na laibrari zake) ni mzigo mkubwa na vitu vingi hutavigusa, chukua Miniconda inatosha. Mimi kwanza nilitaka kukwepa kabisa kudanlodi, nikaenda na flashi kwa jamaa yangu Mwanga, hapa hapa Kigoma, tukatumia pip download (pip ndiyo inayoleta laibrari za Python) kwenye mashine yake, likashuka folda zima la WNTR na numpy na scipy na pandas na wenzao, nikarudi nyumbani nikaweka pip install --no-index --find-links na jina la folda kisha wntr, ikagoma. Kumbe jamaa ana Python 3.12 mimi nina 3.10 na mafaili ya numpy na scipy yanatengenezwa kwa toleo maalum, angalia jina la faili utaona cp312 au cp310. Nikatengeneza mazingira mapya ya conda (chumba cha pembeni chenye Python yake) yenye 3.12 kama yake, nikaliamsha, nikarudia, WNTR na wenzake wakaingia wote bila intaneti hata kidogo. Kwa hiyo njia ya flashi inafanya kazi vizuri sana, ila Python ziwe toleo moja na Windows iwe ya aina moja.

Halafu ukishainstoli, VS Code, programu ya kuandikia kodi, inaweza kukuambia haioni wntr kabisa. Usiinstoli upya! Angalia chini kulia imechagua Python ipi, chagua ile ya mazingira yako. Na faili lako la kujaribia usiliite wntr.py maana Python italisoma hilo badala ya laibrari.

Nikaanza na Net3, mtandao wa mfano unaokuja na WNTR, makutano 92, mabomba 117, matenki 3, ukakimbia kwa sekunde chache kwenye laptopu yangu ya RAM ya GB 4. Hapo raha.

Sehemu ambayo naomba kila mtu aisome polepole ni vipimo. Ukisoma faili la .inp yenyewe inajigeuzia, lakini ukijenga mtandao ndani ya Python kila kitu ni mita, mita za ujazo kwa sekunde, na muda kwa sekunde. Bomba letu ni la plastiki la milimita 90, mimi nikaandika diameter=90, yaani bomba la mita tisini! Halikutoa erori yoyote, presha ya kilula cha mwisho ikabaki mita 12 (presha tunaipima kwa kimo cha maji) mchana na usiku bila kutikisika, nikafurahi kabisa. Kilichonishtua ni kwamba wananchi wa kilula hicho ndio wanaolalamika kila asubuhi. Nikarekebisha, na sio 0.09 pia, hiyo 90 ni ya nje, ndani la kwetu ni kama milimita 79 kwa hiyo 0.079. Hapo ukweli ukatoka: asubuhi maji yakitembea lita 4 kwa sekunde kwenye mita 1,800 za bomba unapoteza karibu mita 17, na tenki limekizidi kile kilula kimo cha mita 12 tu, presha inaenda hasi.

Na bado mahesabu ya kawaida yanakuonyesha kilula chenye presha hasi kinapata maji yake yote, kitu ambacho hakipo duniani. Weka demand_model iwe 'PDD', yaani maji yanayotoka yategemee presha, ndio utaona kinapata sehemu tu. Kwa miradi yetu ya milimani mimi situmii tena ile nyingine.

Miinuko msichukue kwa GPS ya simu, ikikosea mita 10 ni kama bar moja nzima, tafuteni hata levo (kifaa cha kupimia miinuko) ya kuazima.

Nikajaribu kubadilisha bomba lote liwe la milimita 110, kilula kile kinabaki na karibu mita 5 na nusu hata saa 12 asubuhi. Nikachora grafu mbili, ya sasa na ya 110, nikazipeleka kwenye kikao cha kamati ya maji Jumamosi. Mama mmoja wa kule juu akaweka kidole pale mstari unapozama akasema, hapa ndipo bomba linapoanza kukohoa.