Kusafisha njia za hewa za nyumba kuukuu jangwani Phoenix: huduma niliyoilipia na niliyoyaona darini

Nyumba tunayoishi magharibi mwa jiji la Phoenix, jimboni Arizona, ilijengwa mwaka 1973 kwa matofali ya saruji. Njia zake za hewa, yaani mabomba ya bati yanayopita darini na kusambaza ubaridi kutoka kwenye kiyoyozi kilichowekwa juu ya paa, hazikuwa zimesafishwa hata mara moja, kwa kadiri aliyetuuzia alivyotueleza. Kilichotusukuma kutafuta mafundi ni vumbi. Mama mkwe wangu, aliyetujia kutoka Tanga, alikuwa akipangusa meza ya kulia kila alfajiri baada ya swala, na ilipofika adhuhuri aliweza kuandika jina la mjukuu wake juu ya meza hiyo hiyo kwa kidole, herufi zikasomeka vizuri. Madirisha yalikuwa yamefungwa, milango imefungwa, na filta tulikuwa tumeibadilisha wiki iliyotangulia.

Kwa wasioujua mji huu, ni vyema nieleze kwamba hapa kiyoyozi si anasa hata kidogo. Mwaka 2023 joto lilifikia au kupita nyuzi 43 za Selsiasi kwa siku 31 mfululizo, na mwaka 2024 zilihesabiwa siku 113 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi 38 au zaidi. Mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 180, kwa hiyo ardhi hubaki kavu na nyepesi, na ukifika msimu wa dhoruba, kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba, upepo huinua ukuta wa vumbi unaofunika mitaa mizima. Dhoruba ya tarehe 5 Julai 2011 ilipanda zaidi ya mita 1,500 angani. Mashine inayofanya kazi karibu usiku na mchana katika hali kama hiyo, ikivuta hewa kupitia mabomba yenye umri wa nusu karne, haiwezi kubaki safi.

Simu yangu ya kwanza niliwapigia watu waliotangaza kusafisha nyumba nzima kwa dola 99. Alikuja kijana mmoja na mashine ya kufyonza vumbi isiyo kubwa kuliko ya nyumbani, akafungua tundu moja la sebuleni, akapiga picha ya kitu cheusi ambacho hadi leo siamini kuwa kilikuwa cha nyumba yangu, kisha akaniambia kuna kuvu hatari na kwamba bei sasa ni zaidi ya dola 1,200, dawa ikiwa ndani yake. Nilimlipa gharama ya kufika kwake nikamsindikiza hadi mlangoni. Ninalieleza hili kwa sababu ndugu zetu wengi waliohamia hapa, hasa wanaotoka Kongo na Burundi ambao bado wanajifunza taratibu za nchi hii, hupigiwa simu za namna hiyo kila wiki. Bei ya chini kiasi hicho haiwezi kulipa hata mshahara wa mafundi wawili kwa nusu siku. Shirika la Marekani la Ulinzi wa Mazingira lenyewe hukadiria kwamba kazi iliyokamilika hugharimu kati ya dola 450 na 1,000 kwa mtambo mmoja.

Kampuni ninayoitathmini hapa ni ndogo, ya familia moja, na ni mwanachama wa NADCA, chama cha wasafishaji wa njia za hewa kilichoanzishwa mwaka 1989. Waliahidi kufika saa mbili asubuhi wakafika saa nne kasoro, bila kupiga simu, na hilo ni kosa la kwanza ninalowahesabia. Walipoingia, hata hivyo, hawakutoa mashine yoyote. Mmoja wao alipanda darini kwa ngazi na taa ya kichwani, akakaa huko karibu dakika 40. Mwenzake alikuwa Mrundi aliyekulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akazungumza Kiswahili kilichotustaajabisha sote.

"Shikamoo, bibi," alimwambia mama mkwe wangu, huku akivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Marahaba, mwanangu. Hilo vumbi linatoka wapi, hebu niambie, maana mimi nimechoka kupangusa."

"Nitakuonyesha kwa macho yako, bibi."

Naye akamwonyesha kweli. Alishusha kamera ndogo iliyofungwa kwenye waya mrefu ndani ya tundu la chumba cha mwisho cha ukumbini, nasi tukatazama katika kioo alichokishika mkononi. Chini ya bomba lilikuwa limelala vumbi la rangi ya udongo, laini kama unga wa ngano, na ndani yake vipande vya plasta, unga wa mbao na msumari mmoja, mabaki ya mafundi waliojenga nyumba hii. Kamera ilipofika kwenye kiungo cha mabomba mawili akaisimamisha. Tepu iliyokuwa imekizungushia ilikuwa imekauka na kukatika kama ganda la muwa lililoachwa juani, na kati ya bomba na bomba palikuwa na mwanya ambao kidole changu kingeweza kupenya. Kupitia mwanya ule ulionekana mwanga wa taa ya fundi aliyekuwa darini.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba kuukuu katika miji ya jangwani alielewe kabla hajatoa pesa. Dari ya nyumba ya Phoenix wakati wa kiangazi ni tanuri, na joto lake hupita kwa mbali lile la nje. Huko juu ndiko linakotua vumbi linalopenya chini ya paa. Bomba la kurudishia hewa, yaani lile linalovuta hewa ya vyumbani na kuirudisha kwenye kiyoyozi, linapokuwa na mwanya, feni huivuta hewa ya darini moja kwa moja, ikiwa na joto lake na vumbi lake, na ikiwa mwanya uko baada ya filta, hakuna kitu cha kulizuia lisifike mezani. Mabomba ya kupeleka hewa yakiwa na mianya, nayo humwaga ubaridi uliolipiwa umeme katika nafasi asiyoishi mtu. Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani wa kuokoa nishati, hueleza kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita katika mabomba hupotea kwa uvujaji, mabomba yaliyokatika na yale yaliyofungwa vibaya. Kusafisha bomba linalovuja bila kuliziba ni sawa na kupiga deki huku paa linavuja. Na kampuni nyingi huuza deki peke yake. Hawa waliniambia wazi, kabla ya kunipa bei, kwamba kama nina pesa za kazi moja tu, nizibe kwanza.

Jambo la pili lililonifanya niwaamini ni kile walichokataa kufanya. Karibu na sanduku la bati linalogawa hewa palikuwa na maungio mawili yaliyofungwa kwa kitambaa cheupe kama karatasi nene. Fundi mkubwa alisema hatagusa sehemu ile kwa brashi wala kwa upepo, kwa kuwa nyumba za Marekani zilizojengwa kabla ya miaka ya 1980 mara nyingi zilifungwa kwa tepu yenye asbestosi, na nyuzi zake zikitawanywa ndani ya nyumba huweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Walinielekeza kwenye maabara, sampuli ikachukuliwa na mtu mwenye kibali, na majibu yakaja baada ya siku tisa kwamba haikuwa asbestosi. Kazi ikaahirishwa siku hizo zote, na hawakunitoza chochote kwa safari ya kwanza. Yule kijana wa dola 99 angepitisha brashi yake pale bila kufikiri.

Siku ya kazi yenyewe ilikuwa katikati ya Machi, na nawashauri wengine wachague Machi au Novemba, kwa sababu mtambo huzimwa kwa saa kadhaa na jambo hilo mwezi Julai, penye mtoto au mzee, ni hatari. Waliunganisha mashine kubwa ya kufyonza kwenye bomba kuu, yenye filta nzito ili vumbi lisirudi ndani, wakaziba matundu yote 11 kwa karatasi za plastiki, kisha wakawa wanafungua moja baada ya jingine na kuingiza upepo wa kompresa na brashi inayozunguka, ili kila kinachong'oka kivutwe kuelekea kwenye mashine. Walisafisha pia feni na koili, yaani mirija inayopoza hewa ndani ya kiyoyozi, sehemu ambazo wengi huziruka. Kwenye koili palikuwa na ganda jeupe la chumvi, ambalo fundi alisema limetokana na mtambo wa zamani wa kupoza kwa maji uliokuwa ukitumia mabomba haya haya kabla ya kiyoyozi, na kwa maji magumu ya mji huu sikuona sababu ya kumbishia. Bomba moja laini, lile la plastiki lenye waya ndani, lililoongezwa na mwenye nyumba aliyetutangulia, hawakulisafisha. Lilikuwa limebonyea na kuchanika, na brashi ingelichana zaidi, kwa hiyo walilibadilisha lote, mita sita. Mwishowe walipaka maungio tope zito ambalo mafundi huliita mastiki, ambalo likikauka halikatiki kwa joto kama tepu ya kawaida.

Nililipa dola 620 kwa usafi na dola 430 kwa kuziba na bomba jipya. Walipokuwa wakiandika hesabu walijaribu kuniuzia dawa ya kunyunyiza ndani ya mabomba kwa dola 150, "ili kuua vijidudu", nami nikakataa, kwa kuwa hapakuwa na kuvu wala unyevu, na Shirika la Ulinzi wa Mazingira halihimizi kemikali hizo zitumike ovyo katika hewa wanayovuta watu. Sikupendezwa na jambo hilo. Watu waliokuwa waaminifu tangu asubuhi hawakuhitaji kumalizia hivyo. Stakabadhi nayo ilikuwa na maneno mafupi mafupi yasiyoeleza ni maungio mangapi yaliyozibwa, ikabidi niombe orodha, nikaipata baada ya siku mbili.

Kuhusu afya nitasema ninachokiweza tu. Shirika hilo hilo linasema haijathibitishwa kwamba kusafisha njia za hewa huzuia maradhi, na halipendekezi kufanywa kila mwaka kama desturi, bali pale panapokuwa na kuvu, wadudu au panya, au vumbi lililoziba. Homa ya bonde (Valley fever), ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvu wanaoishi katika udongo wa jangwa hili, watu huipata kwa kuvuta vumbi la nje, na fundi wa kweli hatakuahidi kuizuia kwa brashi. Mwanangu wa miaka minane bado hupiga chafya asubuhi.

Lakini meza sasa hupanguswa kila baada ya siku tatu. Chumba cha mwisho cha ukumbini, ambacho saa kumi na moja jioni kilikuwa kikisoma nyuzi 29 wakati themostati, kifaa cha kupangia joto la nyumba, imewekwa 25, sasa husoma 26. Bili ya umeme ya Julai ilishuka kutoka dola 412 ya mwaka uliotangulia hadi 356, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo naihesabia mastiki na lile bomba jipya kuliko brashi. Nawapa nyota nne kati ya tano: ile ya tano imepotea kwa kuchelewa na kwa ile dawa. Filta tunaibadilisha kila mwezi, na siku inayofuata dhoruba ya vumbi mama mkwe hunikumbusha kabla sijanywa chai, naye huichomoa mwenyewe na kuipeleka nje ili kuikagua juani.