Uzoefu wangu: Radio KDNA 91.9 FM, bonde la Yakima

Mimi ni dereva wa lori, Mtanzania, naishi karibu na Seattle. Karibu kila wiki navuka milima kwenda bonde la Yakima, hukuhuku jimbo la Washington, Marekani, kuchukua matofaa. Nikishateremka upande wa pili, redio naiweka 91.9, na haitoki hapo mpaka nirudi mlimani, mawimbi yakatike, ubaki mkwaruzo mtupu.

Kituo kinatangaza kwa Kihispania, nami nilianza sijui hata neno. Kilichonivuta ni salamu. Mtu anapiga simu, anaomba wimbo, kisha anamtaja mama, shemeji, watoto wa kaka, wote kwa pumzi moja. Nilicheka peke yangu kwenye kabini: si zile salamu za kadi tulizokua nazo redioni kwetu?

Ukizisoma herufi hizo KDNA kwa haraka unapata "cadena", yaani mnyororo. Kituo kiko Granger, kamji kenye sanamu za dinosaria (ukiwa na watoto, simama). Kilianza kurusha matangazo Desemba 1979, kazi ya Ricardo García, Rosa Ramón, Julio César Guerrero na Daniel Robleto. Wakakiita La Voz del Campesino, sauti ya mtu wa shambani, na hawakutania. Waliokuwa wakichuma cheri na hopsi (maua ya kutengenezea bia) walihitaji kuelezwa kwa lugha yao habari za ujira, za afya, na za dawa za wadudu wanazovuta puani. Maofisa wa uhamiaji wakionekana bondeni, wasikilizaji walipiga simu kituoni na habari ikaenda hewani. Meneja alikuwa mwanamke, Rosa Ramón, na wanawake wengine walifundishwa pale kutangaza na kuandaa vipindi. Nyimbo za kumdhalilisha mwanamke hazikupigwa. Mwaka 1979, jamani!

Matangazo ya biashara hakuna, kituo ni cha jamii. Mazungumzo ni mengi, kwa hiyo anayetaka muziki tu mfululizo atachoka mapema. Mimi ndiyo hayohayo nayataka. Mtangazaji akieleza chanjo ya watoto au fomu za shule, anakwenda taratibu, anarudia, nami nadaka neno moja moja. "Cosecha", mavuno, nililipata hivyo. Sikuwahi kufungua kamusi.

Msimu uliopita niliwekwa foleni kwenye ghala moja saa sita nzima, wala hakuna aliyekuja kunieleza. Nikafungua mlango wa kabini nipate hewa, redio inaimba. Mzee mmoja mpakiaji akapita, akasimama, akachungulia ndani, akanitazama usoni.

"¿KDNA?"

"Sí, señor."

Akaondoka bila neno. Baada ya dakika chache akarudi na matofaa mawili mkononi, akanionyesha kwa kidole mlango wa kupakilia uliokuwa wazi muda wote huo, upande wa nyuma.