Hita ya maji ya gesi: usiulize lita kwanza, uliza inawakia presha gani

Tangu baridi ya Juni iingie, malalamiko yanayonifikia ni yaleyale. Dada mmoja wa Kasarani, hapa Nairobi, anasema hita yake mpya ya gesi huwaka asubuhi na kugoma jioni. Baba mmoja wa Umoja, anayeishi orofa ya juu kabisa, yake haijawahi kuwaka hata siku moja, ilhali ya jirani wa chini, chapa hiyohiyo, inapiga maji moto bila shida. Wote wawili waliambiwa na muuzaji wabadilishe betri. Wamebadilisha, na bado.

Ukielewa kinachotendeka ndani ya lile boksi la ukutani, hutanunua tena kwa kutazama peke yake lita za maji moto inazotoa kwa dakika. Unapofungua bomba, maji yanaingia na kusukuma kiwambo cha mpira. Kiwambo kinasukuma pini, pini inabonyeza swichi ndogo, na hapo ndipo betri zinapoanza kazi: unasikia tik-tik-tik ya cheche, vali ya gesi inafunguka, moto unashika. Kando ya vichomeo kuna kijiti cha chuma kinachohisi moto. Kisipouhisi kwa sekunde chache, gesi inafungwa. Mpango huo ni mzuri na unalinda maisha. Ila angalia kila kitu kinaanzia wapi: kwenye maji. Yakisukuma kwa unyonge, pini haifiki kwenye swichi, na hita itanyamaza hata betri zikiwa za leo.

Sasa maji yetu Nairobi ni ya mgao, kwa hivyo karibu kila ploti ina tangi juu ya paa, na presha ya shawa yako inategemea tangi hilo limekaa juu kiasi gani. Kila mita moja ya kimo inakupa takriban 0.01 MPa (megapaskali, kipimo cha presha). Aliye orofa ya juu, tangi likiwa limewekwa juu ya slabu, ana mita 2 hivi kati ya maji ya tangini na shawa yake. Hiyo ni 0.02 MPa, kabla nguvu haijapotelea kwenye kona na mabomba membamba. Soma kibandiko cha ubavuni mwa hita nyingi: utakuta presha ya chini kabisa ni 0.02 au 0.025 MPa. Asubuhi tangi limejaa, hita inawaka. Jioni wapangaji wamefua na kuoga, maji yameshuka, hita inakataa. Yule dada wa Kasarani hana hita mbovu, ana hita isiyofaa nyumba yake.

Kuna na la vifundo. Hita za kawaida zina vitatu: cha gesi, cha maji, na cha msimu chenye picha ya jua na ya theluji, ambacho hupunguza au kuongeza vichomeo vinavyowaka. Watu wengi wakitaka maji yawe moto zaidi hukimbilia kile cha maji. Kile hakiongezi moto hata kidogo, kinabana maji ili yapite polepole. Kwenye presha ndogo, ukikibana tu, moto unazimika na unamwagikiwa na maji baridi ukiwa na sabuni usoni. Ukichanganya na bomba la baridi mambo ni yaleyale, maana maji yanayopita kwenye hita yanapungua. Anza na kifundo cha gesi na cha msimu. Cha maji kiache wazi.

Kabla ya kwenda dukani, weka debe la lita 10 chini ya shawa, jioni, tangi likiwa limeshuka. Likichukua zaidi ya dakika 4 kujaa, hita ya kawaida itakusumbua.

Namba moja kwangu, na sifichi, ni Ariston za aina ya Fast Evo. Moto wake unajirekebisha wenyewe: maji yakipungua unashuka, yakiongezeka unapanda, na kioo kidogo mbele kinaonyesha joto. Kifaa chenyewe kinafanya hesabu. Kwa nyumba ambayo presha inabadilika kila saa, sijaona kitu cha kulinganisha. Ukipewa kuchagua kati ya ya betri na ya plagi, chukua ya betri, kwa sababu stima zetu mnazijua. Bei inauma. Bado ningeweka akiba nikasubiri.

Namba mbili ni hita ya vifundo ya lita 10, chapa yoyote, mradi kibandiko chake kiseme inawaka kwa presha ndogo kuliko ile 0.02. Lita hizo hupimwa maji yakipandishwa nyuzi 25, basi Julai usitegemee zote ukitaka maji ya moto kweli. Na usiifunge kwenye mtungi wa kilo 6. Moto wote ukiwaka inakula karibu kilo moja na nusu ya gesi kwa saa, na mtungi mdogo hauwezi kutoa kasi hiyo kwa muda mrefu. Utauona unatoa jasho chini, baridi kama soda, na moto unanyong'onyea huku gesi bado imo. Tafuta wa kilo 13.

Za lita 6 za bei ya chini zinamfaa anayeishi peke yake, orofa za chini. Basi.

Shawa ya umeme siipangi hapa. Aliye na maji ya kisima yenye chumvi na bado anaitaka, anunue iliyotengenezewa maji ya chumvi, na ajiandae kwa tokeni. Kuhusu pampu ya kuongeza presha: inasaidia sana, lakini stima zikipotea maji moto yanapotea nazo, na wengi tulikimbilia gesi kwa sababu hiyohiyo.

Kinachonikera ni wauzaji. Pita maduka ya barabara ya Luthuli, katikati ya jiji, uulize presha ya chini kabisa ya kuwasha. "Inashika na presha yoyote, madam." Boksi limefungwa kwa selotepu, ukilifungua umenunua. Maduka matatu yaliyopakana, bei tatu, na ukienda na fundi bei inapanda kwa sababu chake kimo ndani. Juu ya hayo wanakuuzia regyuleta ile ya kuzungusha, ya presha kubwa, wakati hita imeandikwa wazi kwamba inataka gesi ya presha ya 2,800 Pa (paskali) tu. Hilo ni la hatari. Na fundi huyohuyo, ili aokoe mita mbili za bomba, anaitundika hita ndani ya bafu. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua mtu akioga mlango umefungwa. Hita ikae nje au kwenye balkoni yenye hewa, na kama ina bomba la moshi, bomba hilo litoke nje kabisa. Fundi akibisha, mlipe nauli aende.

VAT ya gesi iliwekwa 16% mwaka 2021, ikashushwa hadi 8% mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Kwa hivyo muuzaji wa hita au wa mtungi akikutajia VAT ya gesi kama sababu ya bei yake, usikubali.

Mwambie muuzaji wa hita aandike kwenye risiti presha ya chini kabisa aliyokuahidi, na kwamba hita isipowaka kwa presha hiyo anarudisha pesa. Akisita, duka la pili liko hatua tatu.